Addey na Mlolongo wa Chama

Jumatatu, 24 Novemba 1997

Kuni mbichi. Moshi. Macho yanawasha. Tangu mtihani wa kidato cha nne uishe sijafanya kitu kingine ila kuwapikia wanaume chai. Nilidhani nikimaliza shule nitapumzika. Ujinga wangu.

Amu yangu, Adeer Bile, mdogo wake Aabo, baba yangu, anataka tikiti ya chama awe mbunge. Uchaguzi wa rais na wabunge ni mwezi ujao, lakini hapa Garissa kila mtu anajua kwamba ukishinda mchujo wa chama umekwisha kuingia bungeni. Desemba ni kuthibitisha tu. Mchujo ni Alhamisi. Wageni wake wote wako kwetu kwa sababu uwanja wetu ndio mkubwa. Wanatafuna miraa, wanabishana, wanaita chai. Napita na birika nikitazama chini. Hakuna anayejua jina langu. Wananiita "msichana wa chai".

Mbuzi mmoja amechinjwa leo. Yule mwenye sikio lililokatika. Nilimpenda.

Jumatano, 26 Novemba

Mvua tena. Redio inaiita El Nino. Tana imefurika, barabara ya Nairobi imekatika, sukari haipatikani ila kwa kujuana. Wageni wanaweka vijiko vitatu kwenye kikombe kana kwamba sukari inaota uani.

Nimemkatia Addey majani. Amesimama kwenye matope mpaka kwato zimelainika. Ni mtamba mweupe, hajazaa bado. Nilipokuwa kidato cha tatu Aabo alisema mbele ya mama yangu, Hooyo, na bibi yangu, Ayeeyo: nikimaliza shule, Addey atauzwa, niende chuo cha ualimu. Ngamia wetu wako mbali, wanachungwa na binamu za Aabo upande wa Hadado, na kwa mvua hii hakuna wa kuwafikia. Kwa hiyo chuo changu kiko zizini, kinacheua.

Alhamisi, 27 Novemba

Hakuna mchujo. Afisa wa chama amekwama njiani, gari limezama matopeni. Labda Jumamosi.

Tulipika tangu alfajiri. Wageni wamekula, wakasema alhamdulillahi, wakakaa. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kwake. Mgeni hapewi nyama ya jana, Aabo angekufa kwa aibu. Maana yake Jumamosi mbuzi mwingine, na kesho mwingine wa kungojea Jumamosi.

Nimechoka. Nanuka mafuta hata baada ya kuoga.

Jumamosi, 29 Novemba

Afisa amefika. Karatasi za kura zimelowa njiani, zimeshikana kama mikate ya anjera. Wamebishana mpaka adhuhuri, kisha wakaamua: mlolongo, kama zamani. Unasimama nyuma ya picha ya unayemtaka, watu wote wakikuona. Siku mpya ni Jumatano.

Jumatano! Hooyo aliposikia alikaa juu ya ndoo akacheka peke yake. Sikupenda kicheko kile.

Jumatatu, 1 Desemba

Mbuzi wamekwisha. Zizi lina Addey tu.

Jioni nilikuwa nateka maji kwenye pipa. Adeer alisimama zizini na Aabo. Alimpiga Addey mgongoni kwa kiganja kama anayejaribu godoro dukani.

"Walaal, ndugu yangu, huyu amenona. Tukishinda Jumatano wazee watakula nini?"

"Huyo ni wa chuo cha msichana."

"Chuo! Niingie bungeni kwanza. Nitamsomesha mpaka aombe likizo. Si atakuwa binti wa mbunge?"

Aabo alicheka. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Hicho ndicho kinachoniudhi. Anaweza kumkatalia mkuu wa wilaya lakini si mdogo wake.

Namchukia Adeer. Nimeomba Mungu anisamehe. Bado namchukia kidogo.

Jumanne, 2 Desemba

Baada ya alasiri wazee wamekuja na Daktari Shueb, daktari wa mifugo. Ndiye anayeshindana na Adeer. Wamejifungia chumbani pamoja. Chai waliipokea mlangoni, sikuruhusiwa kuingia. Angalau nilipumzika kidogo.

Walitoka wakitabasamu wote. Nilimuuliza Hooyo wamesema nini. Alisema mambo ya wanaume. Nitajipanga kwa Adeer kesho. Akishinda, pengine atakumbuka chuo. Pengine. Neno baya sana.

Jumatano, 3 Desemba

Nimekasirika. Naandika hivyo hivyo.

Mlolongo ulikuwa uwanja wa shule ya msingi. Wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili, karibu na vyoo bila shaka. Hooyo alikuwa mbele kabisa, ameinua picha ya Adeer iliyobandikwa kwenye kadibodi. Mimi nyuma yake. Jua lilitoka likawa kali, matope yakaanza kutoa mvuke. Mstari wetu ulikuwa mrefu mpaka ukapinda kwenye ua. Mstari wa wanawake wa Daktari ulikuwa mfupi, na walijua.

Mmoja wao akamwita Hooyo kwa jina langu: "Mama Hodan! Shemeji yako hata kwenye picha amekunja uso. Ana njaa?"

"Njaa? Huyu? Njoo uone zizi langu!" Hooyo akajibu. Wanawake wote wakacheka, wa pande zote mbili. Kwa mara ya kwanza wiki hii nami nilicheka.

Mimi ni mrefu, nikaona kabla ya wengine. Kule kwa wanaume watu walikuwa wanahama. Polepole, wameshika pindo za vikoi zisiguse matope, wanatoka nyuma ya picha ya Adeer wanakwenda kwa Daktari. Niliwatambua mmoja mmoja. Yule wa vijiko vitatu. Yule anayetema mlangoni. Wote waliokula mbuzi wetu. Nikadhani wamemsaliti. Nikaanza kumwonea Adeer huruma, jamani, huruma!

Kisha Adeer mwenyewe akavuka. Akamshika Daktari mkono. Wakaomba dua.

Walikuwa wamekubaliana jana, chumbani kwetu, wakinywa chai yangu. Safari hii Daktari, safari ijayo Adeer. Kila mwanaume uwanjani alijua. Hakuna aliyevuka uwanja kutuambia sisi. Tulisimama juani tunampigania mtu aliyekwisha kuacha.

Mwishowe afisa wa chama alikuja akamwambia Hooyo kwa Kiswahili, kwa adabu, "Mama, mnangoja nini? Yamekwisha."

Hooyo aliteremsha picha. Njia nzima ya nyumbani alijikinga jua nayo, uso wa Adeer ukitazama chini.

Alhamisi, 4 Desemba

Makubaliano hayafungwi bila nyama. Ndivyo tulivyo. Kwa hiyo leo wazee na Daktari wamerudi, wakakaa kwenye mikeka uani, na Adeer akaja zizini na kamba. Aabo alikuwa ameshanoa kisu. Hakunitazama.

Kumbe Adeer akishinda Addey anachinjwa, na akiacha Addey anachinjwa.

Sijui miguu ilinipelekaje. Nilisimama mlangoni mwa zizi, mgongo kwenye miiba. Nikasema, na sauti ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka:

"Aabo, uliahidi. Addey ni chuo changu. Adeer haendi bungeni, sasa nani atanisomesha?"

Adeer akanong'ona, "Msichana, wageni wanasikia."

"Nataka wasikie."

Nilitaka kufa. Masikio yalikuwa yanawaka. Kisha kutoka jikoni ikaja sauti ya Hooyo, tulivu kabisa:

"Atakayechinja apike mwenyewe. Mimi jana nilisimama. Leo nimekaa."

Na kweli alikuwa amekaa. Jiko halikuwa na moto. Hata Ayeeyo, ambaye hajawahi kuacha mgeni alale njaa, alibaki kitandani kwake akihesabu tasbihi.

Mzee mmoja akamgeukia Daktari. "Wewe si mganga wa ng'ombe? Mtamba kama huyu anachinjwa?"

Daktari akanyoosha shingo akamtazama Addey. "Wallahi ningelia, mzee."

Mzee akaanza kucheka, wengine wakafuata. Aabo hakucheka. Alirudisha kisu kwenye ala, akaniambia, bila kunitazama, niwaletee ambulo. Ni maharagwe tuliyochemsha kwa chakula chetu cha usiku. Niliyamwagia mafuta ya simsim na sukari iliyobaki. Wakala. Wakaomba dua juu ya maharagwe. Makubaliano yakafungwa. Hakuna aliyekufa.

Mzee aliponirudishia sahani aliuliza jina langu. Nilimwambia. Sauti ilikuwa imerudi kuwa ndogo.

Jumamosi, 6 Desemba

Wageni wameondoka. Nimefagia uani, mabua ya miraa yamejaa karai. Adeer aliondoka jana bila kuniaga. Picha yake Hooyo ameifanya kifuniko cha pipa la maji.

Aabo hajasema nami tangu Alhamisi. Sikulala vizuri kwa ajili hiyo.

Asubuhi nilikwenda na majani zizini nikamkuta ameshafika. Alikuwa amechuchumaa, anamtoa Addey matope kwenye kwato kwa kile kisu alichokuwa amekinoa. Nilisimama. Hakugeuka. Akasema barabara ikifunguka, bei za ng'ombe za Januari sokoni zitakuwa nzuri.

Nikasema ndiyo, Aabo.

Akasema, "Mshike mguu huu, anarusha."

Nikamshika.