Popo wa Pili

Jumapili, 29 Septemba

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu. Mwaka jana, Jumapili Nyeupe, sikukuu ya watoto kanisani hapa kisiwani kwetu, sikusahau aya yangu. Kijiji kizima kinaamini nilisahau. Niliijua mpaka nukta! Nilisimama mbele, nikafungua mdomo, macho yakaenda mlangoni. Mama alikuwa ameahidi kufika kutoka Auckland, anakofanya kazi, kabla ya ibada kwisha. Mlangoni kulikuwa na mbwa tu. Nikaendelea kuutazama ule mlango, nikanyamaza, mpaka Mama Mchungaji akanishika bega na kunirudisha kwenye benchi.

Basi. Nimeandika.

Leo Mama Mchungaji amenipa darasa la wadogo kabisa. Watengeneze wanyama wa safina kwa sahani za karatasi, wazivae usoni, waingie kanisani wawili wawili. "Wewe unasoma vitabu, Malaea. Utajua twiga yukoje." Na kwa kuwa nitawaongoza wadogo, mwaka huu sitasema aya. Nimesema ndiyo haraka sana.

Wavulana wa kwaya nyuma yangu: "Bubu anafundisha! Watoto watajua kunyamaza." Nikacheka nao. Sijui kwa nini.

Jumatano, 2 Oktoba

Watoto kumi na mmoja, mkasi mmoja, stepla inayouma vidole. Hakuna aliyewahi kumwona twiga, hata mimi. Twiga wetu ni nguruwe mwenye shingo. Simba ana masharubu ya Mzee Faleafa, yule wa sauti nzito kwenye kwaya — wamesema wenyewe, si mimi.

Kumi na mmoja hawagawanyiki wawili wawili. Aliyebaki ni Ruta, wa miaka mitano. Aliletwa mwezi wa sita kuishi na bibi yake, Bibi Asenati. Mama yake yuko Auckland, kama wangu. Nikamwambia awe njiwa, maana njiwa alitumwa peke yake. Akakunja uso. "Mimi popo. Na popo wawili."

"Wa pili nani?"

"Mama. Anakuja."

Wenzake hawakucheka. Kila mtu hapa ana mtu anayekuja.

Jumamosi, 5 Oktoba

Rangi nyeusi imekwisha kwenye tembo. Nikasaga mkaa wa jikoni, nikauchanganya na gundi. Mweusi mzuri! Ila haukauki vizuri, unashika kila kitu. Sahani moja ni uso, nyingine inakatwa katikati, kila nusu bawa la kufunga mkononi. Ruta ametengeneza popo wawili. Wa pili amemtobolea macho makubwa zaidi. "Mama ana kichwa kikubwa," alisema, bila utani.

Halafu, akiwa anapaka: "Dada Malaea, mama yako alikuja siku yako?"

Ningeweza kusema chochote.

"Alikuja," nikasema.

"Basi na wangu."

"Ndiyo. Na wako."

Nimerudi nyumbani nikaosha mikono mara tatu. Mkaa hautoki kwenye kucha.

Jumanne, 8 Oktoba

Sanduku kutoka kwa Mama. Sabuni, biskuti, gauni jeupe la Jumapili. Zuri sana, lenye kola ya lesi. Halinitoshi. Linabana mabegani na makwapani. Mama mdogo Tiresa alinivuta huku na huku mbele ya kioo akasema nisiinue mikono, basi, hakuna atakayejua. Nimesimama pale muda mrefu. Mama anamshonea msichana niliyekuwa miaka miwili iliyopita. Huyo ndiye anayemkumbuka.

Shuleni sikuzungumza na mtu. Si kwa makusudi. Ilipofika saa nane niligundua sijaitumia sauti yangu tangu kengele ya asubuhi. Mwenye maktaba alinigongea dirisha ili afunge.

Ijumaa, 11 Oktoba

Janga! Niliziacha sahani zikauke kwenye meza ya ukumbi wa kanisa, nyuso zikiangalia chini ili nyuzi zisinase kwenye rangi. Kwa juu zilikuwa sahani nyeupe, safi, zimepangwa. Jioni kwaya ilikuja kufanya mazoezi, wanawake wakaleta magimbi na nyama ya kopo. Nani angepita karibu na sahani nyeupe zilizopangwa asiweke chakula?

Nilipofika, Mzee Faleafa alikuwa amekaa chini na magimbi mawili juu ya simba. Juu ya masharubu yake mwenyewe.

"Samahani, mzee," nikasema, kwa sauti ya mbu. "Hiyo ni... mnyama."

Akaigeuza. Akaitazama kwa muda. "Huyu simba namfahamu."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama mdogo Tiresa alicheka mpaka akajifunika uso kwa taulo. "Mtoto wangu analisha watu safina!" Kwa muda kidogo — dakika moja labda — nilikuwa ndani ya kicheko, si nje yake.

Tumeokoa nyingi. Dukani sahani zimekwisha, kila kijiji kimenunua. Popo wa pili ana doa la mafuta kwenye paji la uso. Nimelisugua kwa mkaa, bado linang'aa.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimempelekea Bibi Asenati gauni la Ruta, Mama mdogo alikuwa amelipiga pasi. Ruta alikuwa nje anafukuza kuku. Nikauliza, kwa kunong'ona, mama yake anafika kwa ndege ipi.

Bibi akaendelea kumenya magimbi. "Ndege gani, mwanangu? Hana hata likizo. Nilimwambia anakuja ili ale. Alikuwa hali."

"Na kesho?"

"Kesho kuna chakula kingi. Atasahau."

Hatasahau, Bibi. Sikusema. Nilisema asante, nikainama kupita mbele yake, nikaondoka.

Mama amepiga simu baada ya sala ya jioni. Nyuma yake nilisikia kengele za wale wazee anaowahudumia. Gauni limekutosha? Limenitosha. Mwaka huu hakuahidi kitu. Nilidhani itakuwa rahisi zaidi.

Nimeamua. Kesho, kabla hatujaingia, nitamwambia Ruta ukweli. Uongo ule ni wangu.

Jumapili, 13 Oktoba

Naandika nyuma ya ukumbi, juu ya gunia la magimbi. Watoto wameketi kwenye mikeka na watu wazima wanawahudumia, siku moja kwa mwaka. Mama mdogo ananiita. Sijui kama anataka nikae au nihudumu. Sidhani hata yeye anajua. Niandike haraka.

Tulipanga mstari nje, wote tumevaa nyeupe, nyuso za wanyama. Nikachuchumaa mbele ya Ruta. Nikamwambia, "Nilikudanganya. Mama yangu hakuja. Nilimsubiri, hakuja. Na wako leo—"

Akanikatiza. "Wako hakuja. Basi wangu atakuja. Hawawezi wote kutokuja."

Nikamnyooshea bawa lake. Vitabu vyote vile nilivyosoma, na hesabu hiyo haimo.

Mama Mchungaji akapita akihesabu. "Wawili wawili! Popo wa pili yuko wapi?" Ruta akaninyooshea ile sahani yenye doa, na mabawa yake. "Mvalie kwanza, dada. Akija umpe."

Nikafunga nyuzi. Ndani kulinukia gundi na nyama ya kopo. Tukaingia nyuma ya nguruwe wenye shingo. Mkono wake kwenye mkono wangu, mkaa kwenye gauni langu kuanzia kiunoni hadi pindo. Nilisikia mtu akisema, "Si yule Bubu?" na mwingine, "Nyamaza wewe."

Wadogo husimama mbele wakitazama watu, na nyuma ya watu wote ni mlango mkubwa, wazi, jua tupu. Tembo walisema mstari wao. Simba walinguruma, Mzee Faleafa akaitikia kwa kunguruma kutoka kwenye kwaya. Mstari wa mwisho ulikuwa wa popo. Mfupi. Ruta anaujua, ameusema mara mia kwa kuku: Na mlango ukafungwa, na sote tulikuwa ndani.

Akafungua mdomo. Macho yakaenda mlangoni.

Nilikijua kimya kile. Nilijua kina urefu gani. Kwenye benchi la mbele Bibi Asenati aliangalia magoti yake. Mama Mchungaji akaanza kuinuka, na nilijua mkono wake unaelekea bega lipi.

Hapa kwetu huwapi wazee mgongo. Hata kupita mbele yao unainama na kuomba radhi. Walikuwa wameketi wote, machifu, mchungaji, kwaya.

Nilichofanya ni hiki. Niliuachia mkono wa Ruta, nikatoka kwenye mstari, nikasimama mbele yake, kati yake na mlango. Niliwapa mgongo wote. Nikainua mikono na mabawa juu kabisa, mpaka asione chochote nyuma yangu. Mshono wa kwapa ukachanika, nikausikia. Nadhani wote waliusikia.

"Na mlango," nikasema, kwa sauti yangu, si ya mbu.

Nikamsubiri amalizie.