Siku niliyobeba jeneza la Bi Ilse

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Hallonbergen hatujambo, na goti la bibi yako limepona. Unauliza kama uhame hicho kijiji cha Wajerumani, kwa kuwa majirani hawakusalimii.

Nilipokuwa nikisomea ufundi katika kijiji kama hicho, jirani yangu Bi Ilse hakuitikia salamu yangu mwaka mzima. Alipofariki, mzee mmoja alinigongea mlango.

"Kesho utabeba jeneza."

"Mimi? Hata hakunipenda!"

"Nani kakuuliza habari za kupendana? Wewe ni jirani wa kulia. Hapa majirani ndio hubeba."

Nilishtuka hata nikasahau kufunga mlango. Katika shajara ya siku ile niliandika sentensi moja tu: "Kumbe nilikuwa nimehesabiwa."

Kabla hujafunga mizigo, niandikie jina la jirani yako wa kulia.

Babu yako