Chifu wa Runinga Anyimwa Maji Kosele

Dada Akinyi,

Huko Nakuru mnaendeleaje? Sisi jua la Kosele limetuchoma, na mumeo nusura ashinde na njaa kwa sababu ya kipaji chake.

Tuliingia hotelini kula samaki, ngege wa ziwani. Mama mwenye hoteli alikuja na birika la kutunawisha mikono, akamtazama mumeo, akarudi nyuma. "Si wewe ndiye yule chifu wa runinga? Huli hapa mpaka urudishe shamba la mjane!"

Unajua mumeo alivyoapa kuacha uigizaji, kwa kuwa miaka yote hajapewa nafasi ya shujaa, ni chifu mwizi tu na mume mlevi. Nilidhani atalia. Kumbe alivua kofia, akapiga magoti kwenye sakafu yenye mafuta. "Mama, nimekosa. Chukueni shamba, na ng'ombe wake pia."

Hoteli nzima ikapiga makofi, isipokuwa chifu wa kweli wa hapa, aliyekuwa pembeni akimaliza kuku wake wa bure wa kila siku ya soko. Mama akamnawisha mumeo kwa heshima zote. Chifu naye akanyoosha mikono yenye mchuzi. Mama akampita na birika.

"Wewe ngoja," akamwambia. "Mjane wako yuko hapo nje anauza nyanya."

Mimi nimeandika gazetini makala makali kuhusu machifu wezi hadi wino ukaniishia, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukosa maji ya kunawa. Kwa hiyo ile kazi ya bohari uliyomtafutia mumeo, mpe mtu mwingine.

Wakumbatie watoto. Waambie baba yao bado ni mwizi.

Kaka yako,
Ouma