Kudarizi Tembo

Jumatatu, 3 Februari
Asubuhi tena mshono wa kujaza. Vidole vinauma. Mchana Madamu Kabugho, mwalimu wetu wa kudarizi, akatugawia mada za kazi ya mwisho, foronya ya mto wa kochi. Kila mtu achague kitu cha asili. Ithungu, ninayekaa naye chumba kimoja huku chuoni Bulembia, kachukua ua la pamba. Wengine vipepeo, ndege, majani ya migomba. Mimi nilikuwa bado nafikiri. Madamu akanichagulia: tembo. Anasema mkono wangu ndio unaoweza rangi ya kijivu. Tena duka la hoteli moja ya watalii kule Mweya litachukua kazi moja, na aliyeidarizi watamwajiri. Wote wakanitazama kwa wivu. Mimi tembo simtaki.

Jumatano, 5 Februari
Nilimfuata Madamu ofisini, nikamweleza. Nyumbani Bwera shamba letu la chini linapakana na mbuga. Tembo waliingia kwenye mahindi, Baba akaenda kuwafukuza kwa kupiga debe, mmoja akamgeukia. Nyonga ilivunjika. Tangu hapo anatembea kwa magongo, na shamba lote ni la mikono ya Mama.

Madamu alinipa pole. Pole ya kweli, sitamsingizia. Nikaomba nidarizi nyayo badala yake: mashimo ya mviringo yaliyojaa maji, mahindi yamelala. Hicho nacho ni kitu cha asili. Akanijibu:

"Mbambu, hakuna mgeni atakayelalia huzuni yako kwenye kochi."

Namchukia. Namchukia zaidi kwa sababu ni kweli.

Jumamosi, 8 Februari
Bwera. Nilikuja na tumaini moja tu: Baba akatae. Akisema hapana, basi, nampelekea Madamu jibu hilo na nafasi ya Mweya aichukue mwingine.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mguu juu ya kigoda. Miaka mingi alibeba mizigo mpakani Mpondwe, na akitaka kumaliza maneno huacha Lhukonzo, lugha yetu, na kusema Kiswahili cha huko.

"Fanya tu, mutoto yangu. Ile tembo ilikuwa na njaa. Na sisi tuko na njaa."

Kisha akanieleza tembo yule alivyokuwa. Jike. Sikio la kushoto limechanika. Bua la mahindi mdomoni. Alieleza kama anayemkumbuka jirani. Mama akainuka akaenda jikoni, hakurudi mpaka tulipomaliza.

Nimekasirika. Amesamehe bila kuniuliza.

Jumanne, 18 Februari
Namdarizi yule yule. Sikio lake, bua lake. Kijivu nachanganya na kahawia kidogo, vumbi la kwetu. Kazi inatoka vizuri. Hilo ndilo linaloniudhi. Jicho nimelifumua kwa sababu lilitoka la upole. Nikarudia, likatoka la upole zaidi. Nimeliacha.

Ijumaa, 28 Februari
Madamu amenisifu mbele ya darasa. Kisha akaagiza bua litoke. Tembo wa kwenye mto anakula majani, si mahindi ya watu. Na sikio liwe zima. Nilibishana naye. Akasema uamuzi ni wangu, ila mtu wa duka yuko njiani.

Nilikaa na mkasi muda mrefu. Bua nimelifumua. Sikio nimekataa. Ithungu akasema sikio hakuna atakayeliona. Nilimjibu vibaya, mbele ya watu. Sijamwomba radhi.

Jumatatu, 10 Machi
Wamechukua yangu. Wameniajiri. Ithungu alilia chooni, akanawa uso, akaja kunipongeza. Ana moyo kuliko mimi.

Nikapiga simu nyumbani. Mama aliuliza nitaanza lini, na kama wanatoa chakula cha mchana. Hakuuliza nimedarizi nini. Anajua. Baba akachukua simu. Alitaka kusikia kuhusu sikio. Nikamwambia lipo. Akacheka kwa furaha kama mtoto. Mimi sikuweza.

Bua la mahindi sikumtajia.

Jumamosi, 5 Aprili
Mweya. Manyunyu asubuhi, kisha jua. Wameniweka karibu na mlango ili wageni wanione nikidarizi. Tembo, tembo, tembo. Siku hizi namaliza jicho bila kuliangalia sana.

Leo mama mmoja wa Kizungu alinunua mto. Mpole, ana nywele nyeupe. Akauliza kama nimewahi kuona tembo wa kweli. Nikasema ndiyo. Akataka kujua wapi. Nyumbani, nikasema, shambani kwetu.

Akasema nina bahati kubwa.

Nikamfungia mto wake kwenye karatasi. Alipotoka nikatunga uzi mwingine.