Kinanda Kilichonyamaza Ibadani

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Kamati imenipa mimi kazi ya kuchagua kinanda. Na programu ya kuandikia noti, ili wimbo wa jubilei ya usharika uandikwe kwa kompyuta, si kwa chaki ubaoni. Nani mwingine? Mwalimu wa kwaya ni mimi. Natunga kwa do-re-mi kichwani, sauti zote nne naziimba mwenyewe jikoni, nikifika soprano mke wangu Penina anacheka mpaka anaketi. Nikawaambia, hilo niachieni. Kifua mbele! Vinanda vya siku hizi sijui a wala be.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeshuka Kijenge kwa Najim, mwenye studio. Kijana ana adabu – shikamoo, kiti, maji. Ana vinanda viwili. Kimoja kinene, kina spika zake. Kingine chembamba, cha MIDI. "Hiki ndicho wanachotumia watunzi, Mwalimu." Watunzi! Hapo akili ikaniruka. Akaeleza mengi, kompyuta, waya, sauti inatoka wapi. Mimi naitikia tu: najua, najua. Waimbaji wawili walikuwa wanasubiri zamu ya kurekodi, sikutaka wasikie mtu mzima anauliza.

Programu pia ziko mbili, ya kulipia na ya bure. Nikachukua ya bure, nikasema eti nimeizoea. Akaiweka kwenye laptop aliyoniachia mwanangu Eliya. Nimerudi na kinanda mapajani kama mwenye mtoto mchanga.

Jumapili, 14 Septemba

Aibu. Aibu tupu!

Mchungaji alikiombea, watu wote wamesimama. Wao ndio waliokinunua, kwa fedha za mnada wa baada ya ibada Jumapili iliyopita. Kuku wa mama Tabea aliuzwa, aliyemnunua akamrudisha, akauzwa tena, na tena, mpaka nikamwonea huruma kuku. Basi nimechomeka waya kwenye kichwa cha chaji ya simu – taa imewaka. Jeki ya spika za kanisa nimeiingiza kwenye tundu la nyuma – imeingia barabara. Nikainua mkono. Kwaya ikavuta pumzi. Nikabonyeza.

Kimya.

Nikabonyeza kwa nguvu. Tak, tak, tak, vidole tu. Mtoto akacheka. Mzee Lerionka, mzee wa kanisa, akauliza kwa sauti kulikoni. Na mimi, pale pale mbele ya madhabahu, nikasikia mdomo wangu unasema: umeme ni mdogo.

Watu wakageuka kumtazama Bariki. Ndiye fundi aliyetandaza nyaya zote za kanisa, bila malipo, kama sadaka yake. Anaimba besi, mstari wa nyuma. Aliangalia chini. Tukaimba bila kinanda, vibaya.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimempigia Najim. Nikasema nina rafiki ana shida na kinanda. Akacheka. Mwambie rafiki yako hicho hakina sauti yake, sauti iko kwenye kompyuta. Na lile tundu la nyuma ni la pedali ya kukanyaga kwa mguu.

Nikasema nitamwambia.

Jumatano, 17 Septemba

Nimeunganisha na laptop. Nabonyeza do – do inalia! Na noti inajiandika yenyewe kwenye mistari. Nimeshinda hapo tangu asubuhi, migomba haijapata maji. Soprano, alto, tena, besi. Halafu nikaamuru programu ipige yote.

Wimbo wangu. Sauti nne kwa pamoja, na mimi nimefunga mdomo! Sijawahi kuusikia nikiwa nimekaa tu. Nimelia, nasema ukweli. Besi ina kosa ubeti wa pili, nimeirekebisha.

Penina alikuja na unga mikononi, akapiga makofi, unga ukaruka. Halafu akasimama. "Kumbe kinaimba." Nikafuta unga kwenye laptop. "Bariki anajua?" Nikasema kesho. Akarudi jikoni. Ugali umeletwa bila neno.

Ijumaa, 19 Septemba

Jana sikwenda. Leo nimekwenda kumwambia. Nimemkuta juu ya ngazi, dari wazi, nyaya zote za kanisa ziko sakafuni. Chini yake Mzee Lerionka anafoka: kazi ya bure ndiyo hii, na wale wa Nduruma waliotaka akawawekee umeme kwenye zahanati yeye Mzee ameshawaambia watafute fundi mwingine. Bariki anavuta waya tu.

Aliponiona akashuka. Akanifuta vumbi kwenye bega, lilikuwa limenidondokea. "Shikamoo Mwalimu. Unisamehe kwa Jumapili. Nimekuaibisha mbele za watu."

Yeye ananiomba mimi msamaha! Nikasema marahaba. Nikasema pole na kazi. Nikaondoka. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu inarefuka tu. Mwoga mkubwa mimi.

Jumamosi, 20 Septemba

Bariki yuko sebuleni. Niko chumbani, nimesema natafuta miwani. Miwani ninayo usoni.

Amemaliza. Nyaya zote mpya. Amewaita wazee wa kanisa na Mchungaji, wako kanisani wanasubiri, ili kinanda kijaribiwe mbele yao. Amekuja kunichukua. Namsikia anamwambia Penina: leo kisipolia, mama, ufundi naacha, nitarudi shamba kwa baba. Ana watoto watatu. Na waya ni mzima! Ulikuwa mzima siku zote! Kitabonyezwa, kitanyamaza, naye ataamini kosa ni lake mpaka anazeeka.

Naweza kuficha laptop nyuma ya spika. Kitalia, watashangilia, wataona kweli nyaya zake ndizo zilikuwa mbovu. Nimewaza hivyo. Mimi, mwalimu wa kwaya!

Anaita. "Mwalimu, nimeshakibeba, twende." Kiko begani kwake, namwona kwenye upenyo wa pazia. Penina amesimama mlangoni, laptop ameikumbatia kifuani. Hampi, wala hajaiweka chini. Anatazama huku chumbani.

"Baba Eliya," anasema, "na hii inabebwa na nani?"