Umri wa Baba Kwenye Kompyuta

Dada Nakiru,

Ejok, hujambo? Hapa Lodwar joto ni lile lile. Viatu vya mwanao nimevipata sokoni. Nakuandikia kwa sababu ukipokea simu baba huwa kando yako, na haya hapaswi kuyasikia. Barua anakuletea Bior wa bodaboda.

Unakumbuka picha za ule mshipa mkubwa wa damu uliovimba tumboni mwake? Daktari aliziingiza kwenye kompyuta inayokokotoa jinsi ukuta wa mshipa unavyokua na kujijenga upya, mwezi hadi mwezi. Ikaonyesha utastahimili mwaka mzima. Ndiyo maana aliruhusiwa kuja kwako Kakuma. "Iambie hiyo mashine mimi bado kijana," alinitania.

Umri uliotumiwa na kompyuta niliuandika mimi, karani wa hospitali. Nilinakili kitambulisho: miaka hamsini. Chifu aliukadiria kwa kumtazama meno. Kwa hesabu hiyo, baba alimzaa kaka Ekidor akiwa na miaka tisa. Nilijua, lakini fomu isiyolingana na kitambulisho hurudishwa.

Siku nne nimenyamaza nikiogopa kufukuzwa kazi. Leo asubuhi nimemwambia daktari umri wa kweli. Hakunigombeza. Aliandika sitini na nane, kompyuta ikakokotoa upya; ule mwaka mzima haukuwepo tena. Akauliza, "Baba yako yuko wapi sasa?"

Mlete leo, dada. Asichote maji, asibebe hata mwanambuzi. Akiuliza sababu, mwambie kuna mbuzi nataka anichagulie.

Nipo langoni mwa hospitali, natazama kila gari.

Mdogo wako,
Erupe