Njia Uliyotuchagulia Kwenda Kilimatinde

Mume wangu, Baba Yona,

Wanaokuja kunipa pole hapa Ihanja wanazungumza habari zako za shuleni, jinsi ulivyokuwa mkali wa hesabu na mwepesi wa kucheka. Nawasikiliza, naitikia. Lakini mimi kichwani nakuona mahali pengine. Nakuona kijana, umechuchumaa kwenye uwanja wa shule, kijiti mkononi, unanichorea njia kwenye mchanga.

Ndoa yetu ilikuwa bado changa. Wewe mwalimu mwenyeji, mimi mwalimu mgeni, Mgogo kutoka Kilimatinde, bado najifunza kusalimia kwa Kinyaturu bila kuchekwa na wanafunzi. Likizo ilipokaribia ukasema tutakwenda kwetu kwa baiskeli, na katikati ya safari utanipeleka kwa bibi yako. Ndiye aliyekulea mama yako alipofariki. Miguu ilimzuia kuja harusini, na ulikuwa umemwahidi kwamba mkwe atamfuata mwenyewe.

"Hii ndiyo fungate yetu," uliniambia. "Nataka uione nchi."

Mwalimu mkuu hakupendezwa. "Piteni barabara kuu," alisema. "Kuna maji, kuna watu, na mkichoka mtapanda lori."

"Lori ndilo ninalolikimbia, mwalimu. Likipita moja unakula vumbi mpaka lije jingine."

Na kweli mwaka ule malori yalikuwa mengi. Yalipita yamebeba vitanda, kuku, milango iliyong'olewa, na watu wamekaa juu ya milango hiyo. Tulijua ni watu wanaohamia vijiji vipya. Watoto tuliwafundisha nyimbo za ujamaa, na mimi nilizipenda, bado nazipenda. Tulisikia zamu ya watu wa huko kwa bibi yako ingefika baada ya mavuno ya mwaka uliofuata.

Kwa hiyo ukachagua njia ya ng'ombe. Uliwauliza wafugaji mnadani visima viko wapi, mchanga mzito uko wapi, wapi pana kivuli cha kupumzika saa ya jua kali. Njia ilizunguka, lakini ilipita kwenye mawe makubwa, ikashuka mbugani, kisha ikafuata ukingo wa bonde mpaka kwetu. "Huko hatutakutana na gari hata moja," ulisema, "tutaongea njia nzima."

Tuliongea kweli. Nakumbuka ile asubuhi ya kwanza kuliko siku ya harusi yetu. Nilipanda baiskeli ya kuazima ya katekista, wewe ya kwako ya Kichina, kwenye keria kibuyu cha maji, unga wa uwele na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, aliyotupa jirani. Miiba ya migunga ilitutobolea magurudumu, tukawa tunakaa chini ya jiwe unabandika viraka na mimi nakusomea majina ya ndege niliyoyajua kwa Kigogo, nawe unayabisha. Kwenye mteremko uliachia breki ukapiga kelele kama mtoto. Nilisema moyoni, mwanamume huyu nitazeeka naye.

Siku iliyofuata ulianza kunyamaza. Mimi nilidhani umechoka.

"Husikii?" uliniuliza.

"Nisikie nini?"

"Hakuna kengele. Hapa tulipaswa kukutana na ng'ombe."

Tulipita kaya ya kwanza, nyumba ndefu ya udongo, paa limebomolewa, miti yake imechukuliwa. Ya pili hivyo hivyo. Ulikanyaga pedali kwa nguvu nikashindwa kukufuata. Nilipokufikia ulikuwa umesimama katikati ya ua wa bibi yako, baiskeli umeiangusha, gurudumu la mbele bado linazunguka. Zizi tupu. Jiwe la kusagia lilibaki mahali pake kwa kuwa halibebeki. Uliita, "Bibi!" Ukaita tena kwa Kinyaturu. Mimi nilisimama na kitenge nilichomletea mikononi, sijui nikiweke wapi.

Aliyetujibu ni jirani yenu, mzee Njiku, aliyekuwa amerudi kuchungulia mizinga yake ya nyuki. Ulimwamkia shikamoo.

"Marahaba, mjukuu. Walikuja na malori mapema. Tuliambiwa tupakie siku hiyo hiyo. Bibi yako alishika nguzo ya mlango, ikabidi wambebe. Yuko kule barabarani, na sisi sote."

"Alikuwa mzima?"

"Alikuwa hai," alisema mzee Njiku.

Tukaiacha njia yetu. Mpaka leo sijui ile sehemu ya ukingo wa bonde uliyotaka kunionyesha kutoka upande ule ilivyo. Tulikata pori kuelekea barabara kuu, ile ile tuliyoikimbia, na tulipoifikia tukaona kijiji kipya kimepangwa kwa mistari, vigingi vimechomekwa ardhini, na nyuma ya kila kigingi kibanda cha majani. Watu wengi kuliko niliowahi kuwaona sehemu moja, na hakuna aliyekuwa akicheka kwa sauti.

Bibi alikuwa ameketi mbele ya kibanda chake, mgongo ameipa barabara. Nilipiga magoti nikamsalimu kwa Kinyaturu changu kibovu. Alinishika uso kwa mikono miwili, akanigeuza huku na huku, akacheka, hana meno. Kisha akaona udongo mwekundu kwenye magurudumu yetu, uso wake ukabadilika. Alizungumza haraka, nawe ukanitafsiria polepole.

"Anasema tumetoka nyumbani. Anasema udongo huu ni wa nyumbani." Ukaligusa gurudumu. "Anasema, kama njia ilitupitisha sisi, itampitisha na yeye."

Ulimweleza kwamba paa halipo. Akasema atalala zizini. Ulimwambia hakuna mtu wa kumtekea maji. Akasema utamtekea wewe. Ulimwambia tutamchukua Ihanja, nyumba ya mwalimu ina mabati na chumba cha ziada. Akakutazama kama mtu asiyeelewa lugha, akasema hajui mtu Ihanja.

Ulikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Hakuwa mtu mbaya, nataka niliseme hilo. Alitupa kiti, akatupa maji.

"Mwalimu, nikimruhusu mmoja arudi, kesho asubuhi hapa patakuwa patupu," alisema. "Na wewe ni mtumishi wa serikali. Ukionekana umemrudisha mtu porini, mimi nitajibu nini? Utajibu nini?"

"Ni mwanamke mzee, mwenyekiti."

"Najua. Mama yangu pia yupo hapa, kibanda cha tatu. Hasemi nami."

Ulirudi umeinamisha kichwa. Bibi hakuuliza umeambiwa nini. Alikuwa ameshajifunga kitenge kipya nilichomletea, ameketi tayari, fimbo magotini.

Wewe ukalikunja blanketi ukaliweka kwenye keria, tukamwinua tukamkalisha, nikamfunga kiunoni kwa khanga yangu ili asianguke. Mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni kwake. Alitugeuzia mgongo, akaingia ndani. Wewe ulishika usukani, mimi nilimshika bibi mgongoni, tukasukuma kuelekea porini. Alikuwa mwepesi, Baba Yona. Niliogopa jinsi alivyokuwa mwepesi.

Tulisukuma mpaka pale mwinuko unapoisha na mawe ya kwenu yanaonekana kwa mbali, ya bluu. Hapo ulisimama. Nilidhani unapumzika. Kisha nikaona mabega yako yameshuka.

"Siwezi kuendelea," uliniambia kwa Kiswahili, ili asisikie. "Nikimfikisha nitamwacha na nani? Na nisipomfikisha nimemleta huku kwa nini? Niambie, mke wangu."

Nilikaza khanga kiunoni mwa bibi. Tulisimama hivyo, jua linashuka. Yeye alikuwa anayatazama mawe yale, mkono juu ya macho. Halafu akasema kitu kifupi, kwa utulivu.

"Anasema tumwache hapa," ulinitafsiria. "Sehemu iliyobaki ataitambaa mwenyewe."

Ulilia mbele yake. Yeye ndiye aliyekufuta, kwa pindo la kile kitenge, kama ulipokuwa mdogo. Na ni yeye aliyeonyesha kwa fimbo nyuma tulikotoka, tugeuze. Tukamsukuma mpaka kijijini, na alipofika alikaa vile vile, mgongo kaipa barabara. Kwetu Kilimatinde hatukuenda tena likizo ile. Tulibaki naye tukimsilibia kibanda udongo, mpaka shule zikakaribia kufunguliwa.

Mvua zilipoanza tuliletewa habari. Walikuwa wameshamzika pale pale, pembeni ya kijiji, tulipofika.

Tuliishi vizuri, wewe na mimi. Yona alizaliwa, na wadogo zake. Lakini hukunichagulia njia tena. Kila likizo ilikuwa basi, kiti cha dirishani wanipa mimi, na tukikaribia kijiji kile unafumba macho kama mtu aliyesinzia. Sikukuamsha hata mara moja. Ningekuamsha nikuambie nini?

Wiki iliyopita nilikwenda kwetu peke yangu. Nikamwomba kondakta anishushe pale. Kijiji kimekuwa mji, Baba Yona. Kuna maduka ya simu, gereji, mama lishe, na lami imepanuliwa huku na huku. Nilimtafuta mtu wa rika letu nisimpate. Niliwauliza vijana makaburi ya zamani yalikuwa upande gani. Mmoja akanyoosha mkono kushoto, mwenzake kulia, wakabishana kwa heshima, kisha wakaniomba msamaha.

Nilisimama katikati ya watu na mkoba wangu. Nilitaka kumwambia bibi kwamba mjukuu wake amefariki, maana hakuna mwingine wa kumpelekea habari. Sikujua nielekee wapi. Mwishowe nikasema tu, "Shikamoo, bibi," huku nageuka, pande zote, ili popote alipo nisiwe nimempa mgongo.

Pumzika, mwenzangu. Mimi bado nipo.

Mkeo, Mama Yona